Helmeti ya Kufunguka au ya Uso Mzima: Tazama Komeo Kwanza

Zikipangwa kwenye rafu moja zikiwa zimefungwa, helmeti hizi mbili huwezi kuzitofautisha ukiwa hatua tatu mbali nazo. Zote zinafunika kichwa kizima, zote zina kioo mbele, na zote zina kipande kinene kinachopita mbele ya kidevu. Ukizishika mkononi ndipo unaona. Ya kwanza, kipande cha kidevu ni sehemu ya ganda lenyewe. Hakitoki wala hakisogei. Ya pili ina kitufe chini ya kidevu, mara nyingi chekundu, na ukikibonyeza sehemu yote ya mbele inapanda juu mpaka kwenye paji, uso unabaki wazi. Ya kwanza nitaiita ya uso mzima, ya pili ya kufunguka, kwa sababu ndivyo tunavyoelewana dukani.

Mimi ni afisa mifugo. Kazi yangu iko vijijini mkoani Njombe, na bila pikipiki haifanyiki. Nachanja, nahimilisha ng'ombe wa maziwa, naamshwa usiku ng'ombe anaposhindwa kuzaa. Siku moja inaweza kunipitisha kwenye lami yenye malori kati ya Makambako na Njombe, kisha kwenye udongo mwekundu unaoteleza wakati wa mvua, kisha kwenye vijia vya katikati ya mashamba ya viazi. Navaa miwani. Nimetumia helmeti za aina zote mbili kwa miaka mingi, na vijana wa vijiweni huniuliza wachukue ipi. Nina msimamo juu ya jambo hili, na nauandika kwa sababu nimeona mataya yaliyovunjika ambayo yangeweza kubaki mazima.

Tuanze na kidevu, maana ndicho kinachogombaniwa hapa. Mtu akifikiria ajali ya pikipiki hufikiria utosi, na ndiyo sababu wengi huridhika na zile helmeti fupi zinazoishia juu ya masikio. Lakini mtu anaporushwa kutoka kwenye pikipiki huenda mbele, kifua na uso vikitangulia, na mikono haitoshi kuuzuia mwili wote. Nchini Ujerumani, mtafiti wa ajali Dietmar Otte wa Hannover alikusanya kumbukumbu za mahali helmeti zilipogongwa katika ajali halisi. Karibu theluthi moja ya mapigo yalikuwa kwenye eneo la kidevu na taya. Utosi ulipata machache sana. Na pigo la kidevu haliishii kwenye kidevu: nguvu yake hupanda kupitia taya hadi kwenye sakafu ya fuvu, pale ubongo unapokalia. Anayepona anaweza kukaa wiki nyingi meno yamefungwa kwa waya, akinywa uji kwa mrija.

Helmeti yoyote inayofaa ni bora kuliko kichwa kitupu, hilo halina mjadala. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kuvaa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ila mapitio hayo hayo hayakupata ushahidi wa kutosha kuamua aina ipi ya helmeti inaizidi nyingine. Kwa hiyo anayekuambia kwamba sayansi imekwisha kuamua kati ya hizi mbili anakuongezea chumvi. Tunachojua vizuri ni jinsi zinavyotengenezwa, jinsi zinavyopimwa, na jinsi watu wanavyozivaa. Hapo kuna mengi ya kutosha.

Ya uso mzima ndiyo iliyotangulia. Ilitoka Marekani, kwa kampuni ya Bell, miaka ya 1960, na mwaka 1968 dereva Dan Gurney aliivaa kwenye mashindano makubwa ya magari ya Ujerumani wakati wenzake bado walikuwa uso wazi. Ya kufunguka ilikuja baadaye. BMW ilitoa yake mwaka 1981. Shida waliyotaka kuitatua ni ile ile ninayokutana nayo mimi kila siku: mtu anataka kunywa maji, kuzungumza, kuvaa miwani, bila kuvua helmeti nzima.

Kwetu shida hiyo ina uzito wake. Huku milimani hupiti mbele ya mzee kimya. Unapunguza mwendo, unasimama, unasema kamwene, unaulizwa habari za kwako na habari za ng'ombe wa jirani, ndipo unaendelea. Mtu aliyefunika uso wote kwa kioo cheusi, akiingia uani saa tano usiku, anawatia watu hofu hata kama yeye ndiye waliyempigia simu. Mbwa watamfuata, mama mwenye nyumba hatafungua mlango. Mimi nikifika nabonyeza kitufe, napandisha kidevu, nasalimia, wananijua. Nikivaa ya uso mzima inabidi nivue miwani kwanza, niivue helmeti, nitafute pa kuiweka pasipo tope, nivae miwani tena, na mkono mwingine umeshika mtungi wa naitrojeni wenye mbegu. Mvua ikiwa inanyesha, miwani inalowa kabla hata sijasema hodi. Ndiyo maana kwa kazi hii natumia ya kufunguka, na siijutii hata kidogo.

Lakini mimi si kipimo cha kila mtu. Ili kujua kama inakufaa, lazima uelewe kinachokishikilia kidevu hicho.

Helmeti ina vitu viwili vinavyofanya kazi kubwa. Nje kuna ganda, la plastiki ngumu au la nyuzi za kioo au kaboni, kazi yake kutawanya pigo na kuzuia kitu chenye ncha kupenya. Ndani kuna povu gumu la polistirini, la jamii moja na lile jeupe linalozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo ndilo linalokula nguvu ya pigo kwa kubonyea. Likishabonyea halirudi. Ndiyo sababu helmeti iliyokwisha kupata ajali moja kubwa haifai tena, hata kama ganda linang'aa, na ndiyo sababu siwezi kumshauri mtu anunue helmeti ya mtumba ambayo historia yake haijulikani.

Katika helmeti ya uso mzima, kidevu kimeungana na ganda zima, kwa hiyo pigo la mbele linagawanywa hadi nyuma ya kichwa. Katika helmeti ya kufunguka, kidevu kinashikwa na bawaba mbili kwenye mashavu na makomeo mawili, moja kila upande. Ni tofauti ya ukuta na mlango: mlango unaweza kuwa imara sana, lakini uimara wake wote uko kwenye bawaba na komeo. Helmeti nzuri za kufunguka zina makomeo ya chuma yanayong'ang'ania vijiti vya chuma. Za bei ndogo huwa na komeo la plastiki linaloshika meno ya plastiki, na plastiki hiyo, baada ya kufunguliwa na kufungwa mara mia kadhaa katika vumbi, hulika.

Uingereza wamelichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili. Serikali yao ina mpango uitwao SHARP, ulioanza mwaka 2007, ambao hununua helmeti madukani, huzigonga kwenye maabara na kuzipa nyota kuanzia moja hadi tano. Kwa helmeti za kufunguka hawaishii kwenye nyota. Wanataja pia ni asilimia ngapi ya mapigo ambayo kidevu kilibaki kimefungwa. Zipo zilizobaki zimefungwa katika mapigo yote, na zipo zilizofunguka mara nyingi, na kwa kuziangalia kwa nje usingejua ipi ni ipi. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kutafuta jina la helmeti anayoitaka kwenye orodha yao bure. Si helmeti zote zinazouzwa kwetu zimo, lakini dakika tano hizo zina faida.

Kwa zisizo kwenye orodha, geuza helmeti na utafute lebo. Kiwango kinachotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi ni kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, na toleo lake jipya ni 22.06. Alama yake ni herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 3 ni Italia, 4 ni Uholanzi. Lebo hiyo hushonwa kwenye mkanda wa kidevu. Baada ya namba ya kibali kuna mkwaju na herufi, na hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watulie, maana wanunuzi wengi hupita bila kuangalia. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. NP maana yake kidevu kipo lakini hakikingi. Ni cha kuzuia upepo na mdudu tu. J ni helmeti ya uso wazi. Helmeti ya kufunguka iliyoandikwa P/J imepimwa kwa hali zote mbili, ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Iliyoandikwa P peke yake haikuidhinishwa kuendeshewa ikiwa wazi. Toleo la 22.06 limeongeza pia pigo la kwenye sehemu iliyolazwa mshazari, ili kupima jinsi kichwa kinavyozungushwa, kwa sababu ubongo huumizwa sana na mzunguko huo wa ghafla.

Stika ya DOT ya Marekani, ambayo ndiyo imejaa madukani kwetu, ina maana ndogo zaidi kwa swali letu. Kule mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe kwamba helmeti yake imekidhi kiwango, kisha serikali huchukua sampuli baadaye na kuzikagua. Na kiwango hicho hakina jaribio la kugonga kidevu. Helmeti inaweza kuwa na DOT ya kweli kabisa na bado usijue lolote kuhusu komeo lake. Sizungumzii zile stika zinazobandikwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

Sasa nije kwenye pesa, kwa sababu wengi wetu hatuchagui kati ya helmeti mbili nzuri. Tunachagua kwa kiasi tulicho nacho mfukoni.

Mpwa wangu anaendesha bodaboda Makambako. Alinipigia simu akiwa dukani, nami nilikuwa mjini, nikamfuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Hii ya kufunguka, elfu sitini. Na hii ya uso mzima, elfu sitini vilevile. Mimi naona bora hii, ni kama nimepata mbili kwa bei ya moja."

Nikamwambia aifunge ile ya kufunguka, ashike ganda kwa nguvu, nami nikashika kidevu kwa mikono miwili nikakivuta juu na mbele, bila kugusa kitufe. Vuta ya kwanza ilishika. Ya pili, komeo la kushoto liliachia na kidevu kikapinda, upande mmoja juu, upande mmoja chini. Muuzaji alikuwa mtu mwungwana. Aliitoa nyingine ya aina hiyo hiyo kwenye boksi, nayo ikafanya vivyo hivyo. Mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa lami ikivuta, mjomba?" Nilimjibu kwamba lami haivuti mara mbili.

Akachukua ya uso mzima. Ndio msimamo wangu wenyewe: kwa bei ndogo, usinunue ya kufunguka. Bawaba, makomeo, vijiti na kitufe vyote vina gharama, na bei zikilingana, gharama hiyo imekatwa mahali fulani, kwenye povu, kwenye kioo au kwenye komeo lenyewe. Ya uso mzima ya bei hiyo hiyo ina vitu vichache vya kuharibika. Ya kufunguka inaanza kustahili pesa yako pale tu bei inapopanda kiasi cha kununua chuma kwenye komeo na lebo ya P/J kwenye mkanda, na kwa mtu wa kawaida hizo ni pesa za kudunduliza kwa miezi.

Kuna sababu ya pili iliyonifanya nimsukume mpwa wangu upande huo. Dereva wa bodaboda anazungumza na abiria kutwa nzima, anapatana bei, anauliza njia, na jua la mchana la Makambako linapiga. Akiwa na helmeti ya kufunguka, ataifungua asubuhi na haitafungwa tena mpaka jioni. Nawaona kila siku wakipita, kidevu kiko juu ya paji mwendo wa kilomita sitini kwa saa. Hapo amerudi kwenye helmeti ya uso wazi, tena nzito, maana za kufunguka mara nyingi huzidi za uso mzima kwa gramu mia moja hadi mia tatu. Uzito huo wote umepandishwa juu na mbele, unashika upepo na kuvuta shingo. Na helmeti ya P peke yake, ikiwa katika hali hiyo, haikuidhinishwa kuendeshewa kabisa.

Hata hivyo nawafahamu watu ambao ya uso mzima hawaiwezi. Wanasikia kubanwa pumzi, au joto linawashinda, na mwisho wake helmeti inaning'inia kwenye usukani huku kichwa kikiwa wazi. Mtu wa namna hiyo afadhali awe na ya kufunguka yenye P/J, aifungue kijiweni na kwenye foleni, aifunge akiingia barabara kuu. Naye aliye na miwani na anayesimama kila baada ya kilomita mbili, kama mabwana shamba, wauguzi wa chanjo na wasambazaji wa bidhaa, yuko upande wangu. Lakini anayetoka Njombe kwenda Mbeya au Iringa kwa lami moja kwa moja, kitu cha kufungua hakihitaji. Ya uso mzima ni nyepesi zaidi na kwa kawaida haina kelele nyingi za upepo, na ukiendesha saa tatu mfululizo kelele inachosha kuliko watu wanavyodhani.

Ukungu kwenye kioo ni adui wa zote mbili. Juni na Julai huku kwetu, kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo, pumzi inageuka maziwa kwenye kioo ndani ya dakika moja. Dawa ya kweli ni kioo cha pili cha ndani, kile cha aina ya Pinlock. Anayekikosa hupaka sabuni ya maji kidogo sana na kuifuta kwa kitambaa kikavu, ikamfikisha asubuhi ile. Nataja hili kwa sababu wenye helmeti za kufunguka hutatua ukungu kwa kupandisha kidevu wakiwa kwenye mwendo, na hiyo ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Fungua kioo kidogo tu, kidevu kiache.

Saizi usiiruke kwa aina yoyote ile. Helmeti mpya inapaswa kubana mashavu mpaka yasogee mbele kidogo; ukitikisa kichwa, ngozi ya paji iende pamoja nayo. Funga mkanda, kisha mwombe mtu ainyanyue kutoka nyuma ya kisogo kuelekea mbele. Ikitoka, hata iwe na nyota tano, siku ya ajali itafika chini kabla yako. Kwa ya kufunguka, ifunge na uifungue ukiwa umeivaa, kwa mkono mmoja, ukiwa na glavu. Sikiliza milio miwili, kushoto na kulia. Mlio mmoja tu ni dalili kwamba upande mmoja haujashika. Mimi kila nikiifunga nakisukuma kidevu juu kwa kiganja kabla ya kuweka gia.

Vumbi la udongo mwekundu huingia kwenye bawaba na kuganda likikutana na mvua. Nasafisha makomeo kwa maji, sabuni ya kawaida na mswaki wa zamani, kila wiki wakati wa mvua. Petroli haipaswi kugusa helmeti hata kidogo, wala tina, ingawa mafundi wengi huzitumia kuondoa lami kwenye ganda. Zinadhoofisha plastiki na kuyeyusha povu, na madhara hayo hayaonekani kwa macho.

Limebaki jambo la ajali yenyewe, na hapa ya kufunguka ina faida ambayo hata wauzaji huwa hawaitaji. Ukimkuta mtu amelala barabarani na helmeti kichwani, usikimbilie kuivuta. Shingo yake inaweza kuwa imeumia, na kuvuta kwako kunaweza kumpooza. Kama helmeti yake ni ya kufunguka na kitufe kinafanya kazi, mwenzako ashike kichwa kisisogee, wewe bonyeza, pandisha kidevu taratibu, utazame kama anapumua, na umtoe damu au matapishi mdomoni. Kama ni ya uso mzima, fungua kioo, msikilize pumzi. Akiwa anapumua vizuri mwacheni nayo mpaka wafike wenye ujuzi. Akiwa hapumui lazima itoke, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika taya na kisogo kutoka chini, mwingine anakata au kufungua mkanda, anazipanua pande za helmeti kwa mikono na kuitoa kidogo kidogo. Baadhi ya helmeti za uso mzima zina utepe mwekundu chini ya mashavu. Ukiuvuta, sponji za mashavuni hutoka zenyewe na helmeti inalegea. Ukiwa dukani, ziangalie kwa chini uone kama utepe huo upo, na ukiinunua waonyeshe mahali ulipo wale unaoendesha nao kila siku.